Triga ya flashi imekataa? Usiitupe kabla hujasoma hapa

KAMA unapiga picha za kulipwa hapa Nairobi, iwe ni ruracio kule Kinoo, bathidei ya mtoto Kawangware au mahafali katikati ya jiji, kisa hiki unakijua. Stendi imesimama, mwavuli umefunguliwa, flashi imejaa moto. Unabonyeza kamera, shata inalia, lakini flashi inakutazama tu. Unabonyeza tena. Kimya. Shangazi wa bi harusi anauliza kama kuna shida, nawe unatoa tabasamu la kulazimisha: “Hapana auntie, tunapima tu mitambo.”

Jumatatu inayofuata unashuka matatu mjini na kuelekea Luthuli Avenue na elfu chache mfukoni, doo ambayo ilikuwa ya kodi ya nyumba, ununue triga nyingine. Ile ya zamani iko kwenye droo, au kwenye pipa. Si kila mtu anakuambia hizi za Mchina ni za kutupa?

Polepole kwanza. Nyingi ya triga zinazotupwa hazijafa. Zimechafuka, zimekatika waya mmoja, zimekaa na betri iliyovuja, au hazikuwahi kuelewana na kamera yako tangu siku ulipozinunua. Hayo yote unaweza kuyagundua mwenyewe ukiwa kitandani, na mengi unaweza kuyatengeneza kwa pamba ya masikio na siki ya jikoni.

Ili uamini, elewa kwanza kifaa chenyewe. Triga ni visanduku viwili. Kimoja, transmita, hukaa juu ya kamera kwenye hotishuu, kile kiatu cha chuma cha kuvalisha flashi. Cha pili, risiva, huvaa flashi iliyo mbali kwenye stendi. Shata inapofunguka, kamera huunganisha nukta ya katikati ya hotishuu na reli za pembeni, sawa na mtu anayewasha swichi. Transmita huhisi hivyo na kurusha wimbi la redio. Risiva hulinasa na kufunga swichi yake, flashi inalipuka. Hakuna uchawi mwingine. Kengele ya mlangoni isiyo na waya hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe haina haraka.

Zile utakazokutana nazo mtaani ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza hutumia masafa ya 433 MHz: zile PT-04 za zamani na Godox CT-16. Transmita zake hutumia kibetri kifupi cha volti 12 kinachoitwa 23A, kile kile cha rimoti za geti na alamu za gari. Ukoo wa pili ni wa 2.4 GHz, masafa yanayotumiwa pia na Wi-Fi na Bluetooth. Humo utapata Yongnuo RF-603 na familia ya Godox X. Hawa hutumia betri za kawaida, AAA au AA. Kumbuka yako ni ya ukoo gani, kwa sababu dawa zao hazifanani.

Na usione haya kwa kutumia cha bei ya chini. Mwaka 2006 David Hobby, mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun kule Marekani, alianzisha Strobist kufundisha watu kutoa flashi ndogo juu ya kamera na kuiweka kando kwa gharama ndogo. Wakati huo triga ya kuaminika ilikuwa PocketWizard, na bei yake ilikuwa ya watu wenye studio. Viwanda vya China viliona pengo, vikalijaza kwa visanduku vya plastiki. Bila hivyo, nusu ya picha za ruracio unazolike kila wikendi zingepigwa kwa flashi ya uso kwa uso, ile inayofanya kila paji la uso ling'ae kama sufuria mpya.

Nani hasa anakataa?

Usianze kwa kufungua skrubu. Anza kwa kumtafuta mkaidi kati ya wanne: kamera, transmita, risiva na flashi. Ni kazi ya dakika mbili na haihitaji kifaa.

Flashi kwanza. Bonyeza kitufe chake cha kujaribia. Ikilipuka, iko hai. Lakini je, huwa inalala? Flashi nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika chache ili kuokoa betri, na triga ya nukta moja mara nyingi haina uwezo wa kuiamsha. MC anapiga story, maombi yanarefuka, wewe unangoja keki ikatwe, na wakati huo flashi yako imelala fofofo. Ingia kwenye mpangilio wake uzime tabia hiyo. Hakikisha pia iko kwenye M, kwa sababu triga rahisi haijui lugha ya TTL. Inajua kusema “lipuka” tu.

Sasa toa transmita kwenye kamera, ishike mkononi na ubonyeze kitufe chake. Flashi ikilipuka, redio na risiva ziko sawa. Ugomvi uko kati ya transmita na kamera, na hapo huna sababu ya kugusa kitu kingine. Isipolipuka, tazama taa ya risiva. Ikiwa inamweka kila unapobonyeza ilhali flashi imenyamaza, ujumbe unafika; ni risiva na flashi ndizo hazigusani vizuri, au kebo kati yao imekatika. Ikiwa taa ya risiva haimweki kabisa, shuku betri, chaneli au antena, kwa mpangilio huo.

Hapa watu wengi hudanganywa na taa ya transmita. Inawaka, basi wanasema betri iko poa. Taa ndogo kama hiyo huhitaji umeme kidogo sana. Kibetri cha 23A kilichochoka kinaweza kuiwasha vizuri na bado kishindwe kusukuma wimbi la redio zaidi ya mita mbili tatu. Ndiyo maana triga inafanya kazi mezani nyumbani lakini inakataa ukumbini. Ukiwa na mita ya umeme, ile ya bei nafuu ya rangi ya manjano inayouzwa na kila duka la vifaa vya elektroniki, pima. Kipya husoma volti 12 na zaidi kidogo. Kikianza kusoma 10, kitoe. AAA ya kawaida ikiwa mpya husoma karibu 1.5, zile za kuchaji ni karibu 1.2 hata zikiwa zimejaa, kwa hivyo usizitupe ukidhani zimekufa. Na kama unaweza, pima wakati kifaa kimewashwa, maana betri dhaifu hujifanya shujaa ikiwa haina kazi.

Kisha chaneli. CT-16 ina visu vinne vidogo vya kusogeza juu au chini, kwenye transmita na kwenye risiva. Visu vinne, kila kimoja na hali mbili, vinatoa chaneli 16, na ndipo lilipotoka jina hilo. Vyote vinne lazima vifanane pande zote mbili. Kimoja kikisukumwa na kidole au funguo ndani ya begi, umekwisha. Hata vikiwa vinafanana, vumbi huingia ndani yake. Visogeze vyote huku na huko mara kumi kisha uvirudishe. Inaonekana kama mzaha, lakini jaribu kabla hujatoa pesa kwa mtu.

Kamera isiyo na nukta

Kuna hali moja ambapo unaweza kununua triga tatu na zote zikatae, na kosa lisiwe la triga hata moja. Tazama juu ya kamera yako. Kwenye hotishuu nyingi utaona nukta kubwa ya chuma katikati, na zingine ndogo ndogo nyuma yake. Hiyo kubwa ndiyo ambayo triga rahisi huisikiliza.

Canon EOS 2000D, ambayo sehemu nyingine huitwa 1500D, haina nukta hiyo. 4000D, yaani 3000D, haina pia. Wala 250D, yaani 200D Mark II. Canon iliiondoa na kubakisha nukta ndogo zinazoongea na flashi zake yenyewe. Na hizi si kamera za matajiri. Ni zile ambazo kijana anayeanza hununua, kwa sababu ndizo mfuko unaruhusu. Yaani kamera ya mtu wa bei nafuu ndiyo iliyonyimwa triga ya bei nafuu. Mimi naona hiyo ni noma, lakini ndivyo ilivyo.

Ukiwa na mojawapo ya hizo, usimlipe fundi hata shilingi kuangalia triga ya nukta moja. Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua transmita inayoweza kutumia zile nukta ndogo za Canon. Godox ina transmita za aina hiyo, ila uliza jina la kamera yako dukani na ujaribu papo hapo kabla ya kutuma M-Pesa. Ya pili haina gharama. Tumia kile kiflashi kidogo kinachochomoza juu ya kamera kuamsha flashi kubwa kwa mwanga wake. Flashi kama Yongnuo YN560 na Godox TT600 zina mtindo wa S1 na S2. Ukiweza kuweka kiflashi cha kamera kwenye M, tumia S1. Kikibaki kwenye TTL, tumia S2, kwa sababu TTL hutoa mmweko wa kupima kabla ya ule wenyewe, na S2 inajua kuupuuza wa kwanza.

Wenye kamera za kisasa zisizo na kioo nao wana mtego wao: shata ya kimyakimya. Kwenye kamera nyingi, ukiiwasha, flashi haipigi kabisa. Uliiweka ili usisumbue kanisani, ukasahau, ukatoka nje kwa picha za familia na triga “ikafa”.

Siki, pamba na fundi wa earphone

Sasa tuseme umempata mkaidi na ni triga yenyewe. Fungua mlango wa betri uangalie springi. Ukiona unga mweupe au kijani kibichi, betri ilivuja. Umajimaji wa betri za alkali unashindwa na asidi, kwa hivyo chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo au maji ya ndimu, usugue mpaka unga uishe, kisha upanguse kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Usimwage siki ndani. Pamba iwe na unyevu, isidondoke. Kisha kwaruza springi kidogo kwa msasa laini ili chuma king'ae, na uivute kidogo kwa kikoleo ili ishike betri kwa nguvu. Kuna triga nyingi sana ambazo ugonjwa wake ulikuwa huo tu.

Mguu wa transmita unafuata. Nukta yake ya katikati hushika mafuta ya vidole, jasho na vumbi. Chukua kifutio cha penseli uisugue, na ufanye hivyo kwa hotishuu ya kamera pia. Ukiirudisha, isukume mpaka mwisho wa reli kabla ya kuikaza. Ikiwa imesimama nusu njia, nukta haziko ana kwa ana, na utapata triga ambayo inapiga moja na kuruka mbili.

Kebo ndizo adui nambari moja kwa wanaotumia taa kubwa za studio. Hukatikia pale waya inapoingia kwenye jeki, kama earphone zako. Weka mita kwenye sauti ya mlio, gusa ncha mbili, kisha pinda waya polepole. Mlio ukikatika, umepata mahali. Na kwa kuwa ugonjwa ni wa earphone, daktari naye ni yule yule: jamaa mwenye kibanda cha kutengeneza chaja na earphone, iwe ni Kangemi sokoni, Kawangware au River Road. Atakata mahali palipoharibika na kulehemu jeki mpya ukingoja. Mwambie ni waya mbili tu, ya katikati na ya nje, asizigeuze.

Antena ni mambo ya wale wenye roho ngumu kidogo. Kwenye triga za 433 MHz, antena ni waya mwembamba uliokunjwa ndani ya kisanduku, na mara nyingi huachia pale ulipolehemiwa kwenye bodi, hasa baada ya kuanguka. Fungua kisanduku, utauona ukining'inia. Kuurudisha ni nukta moja ya lehemu. Ukiwa hapo, kuna ujanja wa zamani ambao wapiga picha wa nchi nyingi wameutumia. Wimbi la 433 MHz lina urefu wa karibu sentimita 69, na antena nzuri ni robo ya hapo, sentimita 17 na kidogo. Badilisha ule waya uliokunjwa kwenye risiva kwa waya wa sentimita 17.3, uutoe nje kupitia tundu dogo na uuache umenyooka. Risiva itasikia mbali zaidi. Nasema risiva, si transmita: kusikia vizuri hakumsumbui jirani, kurusha kwa nguvu ni suala lingine. Na kama yako ni ya 2.4 GHz, achana na mchezo huo. Antena yake kwa kawaida imechorwa kwenye bodi yenyewe, hakuna cha kurefusha.

Kama mkono wako haujazoea chuma cha kulehemu, nenda mjini. Luthuli Avenue, mtaa unaobeba jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 1960, leo unajulikana kwa spika na runinga kuliko siasa, na ndani ya yale majengo yaliyogawanywa vipande vipande kuna mafundi wa simu wanaolehemu vitu vidogo kuliko antena ya triga. Wengi wao huenda hawajui triga ni nini. Usiseme “tengeneza triga.” Sema, “Hii ni kama rimoti ya geti, waya ya antena imetoka hapa.” Beba visanduku vyote viwili na flashi, mjaribu pamoja kabla ya kulipa, na bei mkubaliane kabla ya skrubu ya kwanza kutoka. Ukienda na jibu badala ya swali, bei nayo hubadilika.

Usiifungue flashi

Hapa naomba usome polepole. Triga yenyewe ni kitu cha volti 3 hadi 12, haiwezi kukuumiza. Flashi si hivyo. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na umeme huo hubaki humo hata baada ya kutoa betri. Betri nne ndogo za AA zimeukusanya, lakini ukiugusa hautakuuliza umetoka wapi. Unaweza kukuchoma, unaweza kuua. Ile video ya dakika tatu inayokuonyesha jinsi ya “kureset flashi” kwa bisibisi usiifuate. Flashi ikiharibika ndani, mpe fundi anayetengeneza kamera na flashi kila siku, na umwambie mara ya mwisho iliwashwa lini.

Sheria hiyo hiyo ni ya zile risiva zinazochomekwa kwenye soketi ya stima pamoja na taa ya studio. Ndani yake mna stima ya nyumba nzima. Usifungue ikiwa imechomekwa, na kama hujui unachofanya, usifungue kabisa.

Halafu kuna flashi za mtumba. Ni tamu, zina nguvu, na bei ni ya kusalimia. Lakini baadhi ya flashi za zamani, kama Vivitar 283 za mwanzo, huweka zaidi ya volti 200 kwenye nukta ile ya kulipulia. Kamera nyingi za kidijitali hazikutengenezwa kubeba hiyo, wala risiva za bei nafuu. Kabla hujaivalisha kitu chochote, iwashe, iache ijae, weka mita kwenye volti za DC na upime kati ya nukta ya katikati na chuma cha pembeni bila kuvigusa kwa kidole. Ukisoma volti 5 au 6, karamu ianze. Ukisoma 150, mrudishie aliyekuuzia.

Imepona, sasa itumie

Triga iliyopona inaweza kukuaibisha kwa njia nyingine: ukanda mweusi upande mmoja wa picha. Huo si ugonjwa. Shata yako imekimbia kuliko flashi. Kamera nyingi hukubali flashi mpaka 1/200 ya sekunde, na triga ya bei nafuu hula sehemu ndogo ya muda huo kabla ujumbe haujafika. Teremka 1/160. Ukanda ukibaki, 1/125. Picha ya mtu aliyesimama haitapoteza chochote.

Saa nzuri ya kujifunza ni jioni. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na baada ya hapo una kama dakika ishirini za anga la buluu ambalo mteja hulipia bila kuombwa. Panda roshani ya jengo Westlands au simama mahali unapoona taa za Waiyaki Way, ukiwa umepata ruhusa ya mwenye jengo. Kwanza zima flashi, upange kamera mpaka anga litoke lilivyo, giza kidogo. Mtu wako atakuwa kivuli, usijali. Sasa washa flashi kwa robo ya nguvu zake, iwe kando, juu kidogo ya kichwa chake, ndani ya mwavuli. Piga. Akiwa mkali sana, usiguse kamera; punguza flashi au irudishe nyuma. Ukiitoa mita moja ukaipeleka mita mbili, mwanga unaomfikia hubaki robo, si nusu. Hilo likikuingia akilini, nusu ya kazi umeimaliza.

Ukitaka kuona mwanga wa kupangwa unaweza kumfikisha mtu wapi, tazama kazi za Osborne Macharia, aliyesomea usanifu wa majengo JKUAT kabla ya kamera kumchukua. Wazee wake waliovalia kama wafalme wa dunia nyingine wanaonekana vile kwa sababu kila taa ina sababu ya kuwa pale ilipo. Ngozi nyeusi hupenda mwanga mpana unaotoka kando. Inachukia ule mdogo unaotoka juu ya lenzi.

Kwenye sherehe, kumbuka mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji humeza mawimbi ya 2.4 GHz. Hema likijaa watu, triga iliyofika mita 30 uwanjani huenda ikasumbuka kwa 10. Inua risiva juu ya vichwa, isifichwe nyuma ya nguzo ya chuma au ukuta wa zege. Na wenye 433 MHz, mkiwa kwenye apatimenti za Kileleshwa au Lavington ambako kila geti lina rimoti, flashi ikilipuka yenyewe bila kuguswa, haina mapepo. Badilisha chaneli.

Usiku kabla ya kazi, weka kila kitu kama kitakavyokuwa kesho na upige picha hamsini mfululizo ukutani. Hesabu ngapi zimeruka. Moja, angalia mguu na betri. Tano, tafuta mkaidi tena kama tulivyoanza. Kisha jizoeze kubadilisha kwenda S1 gizani bila kutazama, kwa sababu triga ikikufia katikati ya keki, hiyo ndiyo spea yako. Ndani ya nyumba hufanya kazi vizuri. Juani hushindwa mara nyingi, na kwenye sherehe yenye wapiga picha wengine watatu flashi yako itaitikia flashi ya kila mtu, kwa hivyo ongea nao mapema.

Bandika utepe kwenye kila kisanduku uandike chaneli yake na tarehe uliyoweka betri. Na ukirudi nyumbani umechoka, kabla begi halijaingia chini ya kitanda mpaka kazi nyingine ambayo hujui itakuja lini, toa hizo AAA.